Injini Huifuata Shafti: Kufunga Shafti, Mguu na Propela kwenye Boti ya Mwendo Kasi, Kigoma

Boti nyingi zinazotoka Kibirizi kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini husukumwa na injini ya kupachika nyuma, na mwenye boti hiyo hana shafti ya kumuumiza kichwa. Kazi huanza pale boti inapojengwa au kugeuzwa iwe ya mwendo kasi yenye injini ndani: dizeli katikati, giaboksi nyuma yake, kisha shafti ndefu inayopenya sakafu ya boti, inashikiliwa na mguu wa chuma chini ya maji, na mwisho wake propela, pangaboi kwa jina la mtaani. Boti ya mzigo husamehe makosa kwa sababu shafti yake inazunguka polepole. Inayozunguka mara 2,400 kwa dakika haisamehi hata nusu milimita.

Kosa kubwa linalofanywa ni la mpangilio. Injini hufungwa kwanza, ikakazwa vizuri juu ya mbao zake, halafu shafti inalazimishwa kulifikia giaboksi. Fanya kinyume chake. Mguu na bomba la shafti, lile shafti inamopita kupenya sakafu, ndivyo vinavyoweka mstari, shafti inakaa kwenye mstari huo bila kubanwa, na injini inaletwa mwisho kuifuata shafti. Hesabu za mfano hapa chini ni za boti ya mita 7 hivi, dizeli ya nguvu za farasi 150, giaboksi la uwiano wa 1.5 kwa 1, shafti ya inchi 1¼ (milimita 32) na propela ya inchi 15. Boti yako ikiwa tofauti, badili namba, lakini usibadili utaratibu.

Kabla ya kuagiza chochote

Vifaa hivi havipatikani kwenye duka la jirani. Mwaka 1915 meli tunayoiita leo MV Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma baada ya kuundwa Ujerumani, kufunguliwa vipande na kusafirishwa kwenye masanduku. Zaidi ya karne imepita na bado shafti, bushi na propela hufika kwa reli au lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Kipande kisichoingia kinakurudisha nyuma wiki kadhaa. Kwa hiyo pima mara tatu, na andika vipimo kwa milimita na kwa inchi.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni mchongoko, ile ncha ya shafti inayopungua unene ili propela iikalie. Iko ya aina mbili kuu. Ya Kimarekani hupungua kipenyo 1 kwa kila urefu wa 16. Ya kimataifa hupungua 1 kwa 10. Ukiziweka mezani zinafanana. Propela ya 1 kwa 10 ukiivisha kwenye shafti ya 1 kwa 16 itagusa upande mmoja tu wa kitovu, itacheza, na itakula kii mpaka ikatike. Kii ni kile kipande cha chuma cha pembe nne kinacholala kwenye mfuo kati ya shafti na propela. Taja aina ya mchongoko kwenye oda, wala usikubali jibu la “zote ni sawa”.

Kwa malighafi, chuma cha pua cha daraja la 316 kinafaa kwa boti ya kawaida, lakini kwa mwendo kasi tafuta chuma kigumu zaidi kilichotengenezwa kwa ajili ya shafti za boti, mfano Aquamet 22. Hapa si mahali pa kubana matumizi. Nondo ya chuma cha pua kutoka kwa mchomeleaji wa mageti haijulikani ni daraja gani, na mara nyingi haijanyooka.

Shafti ikisafiri, ifungwe kwenye ubao ulionyooka wa urefu wake wote, kamba kila nusu mita, na ilale juu ya mzigo, si chini yake. Nyingi hupinda njiani, si majini.

Kuchora mstari

Tandika plaiwudi sakafuni uchore upande wa boti kwa ukubwa wake halisi: sakafu, mkuku, mbao za injini, giaboksi, mahali propela itakapokaa. Mchoro huu unaonyesha mambo matatu ambayo hayabadiliki baadaye bila msumeno.

La kwanza ni mlalo wa shafti. Lenga nyuzi 10 hadi 12 kulinganisha na sakafu ya boti, na usivuke 15. Sababu si ile hasara ndogo ya msukumo kwenda juu. Kwa nyuzi 12 bado unabaki na karibu asilimia 98 ya msukumo wa mbele. Shida ni kwamba shafti ikilala sana, kila panga la propela hukutana na maji kwa pembe moja likishuka na pembe nyingine likipanda. Mzigo unapanda na kushuka kila mzunguko, boti inatetemeka, na panga linaloshuka huanza kuchemsha maji mapovu ambayo baadaye hula chuma. Angalia pia kitabu cha injini: kila injini ina kikomo cha kuinamishwa kabla ya oili kukimbia pampu, na boti ya kasi huinua pua ikianza kukimbia, jambo linaloongeza nyuzi kadhaa juu ya zile ulizochora.

La pili ni nafasi kati ya ncha ya panga na sakafu. Asilimia 15 ya kipenyo cha propela ndiyo ya chini kwa boti ya mwendo. Kwa propela ya inchi 15 (milimita 381) ni milimita 57. Ukiweza kupata asilimia 20, chukua. Ikiwa ndogo kuliko hapo, kila panga linapopita chini ya sakafu linapiga maji juu yake kama nyundo, na utasikia mvumo ambao hakuna fundi injini atakayeuondoa.

La tatu ni umbali kati ya mahali shafti inaposhikiliwa. Kanuni ya zamani, bado nzuri, ni kati ya mara 20 na mara 40 ya kipenyo. Kwa shafti ya milimita 32 ni kama sentimita 64 hadi mita 1 na sentimita 27. Ukizidisha, shafti huanza kucheza kama kamba ya kuruka ikifika mwendo fulani. Ukipunguza sana inakuwa ngumu mno, haisamehi kuyumba kidogo kwa injini juu ya raba zake.

Kwenye mchoro huohuo hakikisha shafti inaweza kutoka. Usukani ukikaa sawasawa nyuma ya shafti, siku ya kubadili bushi utalazimika kuung'oa usukani kwanza. Usogeze pembeni kiasi cha nusu ya kipenyo cha shafti pamoja na milimita 10. Boti haitajua tofauti.

Kukagua shafti na kaplingi

Laza shafti juu ya vipande viwili vya mbao ngumu vilivyokatwa umbo la V, weka daili geji (saa yenye sindano ya kupimia mchezo mdogo) katikati, kisha izungushe polepole. Sindano isicheze zaidi ya milimita 0.1 kwa shafti ya mita 2 hadi 3. Huna daili geji? Funga msumari imara karibu na shafti na upime pengo kwa fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia pengo, kila robo ya mzunguko. Usiogope shafti kulegea katikati kwa uzito wake. Kulegea kwa uzito hakubadiliki ukizungusha, kupinda hubadilika. Ndiyo maana lazima izungushwe, si kuangaliwa kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki.

Kaplingi, ile flenji inayoungana na giaboksi, iingie kwenye shafti kwa kubana kidogo. Ikiingia kwa mkono kama kofia, imelegea. Baada ya kuivisha, peleka shafti na kaplingi vikiwa pamoja kwa fundi wa kukereza vyuma asawazishe uso wa flenji kwenye mashine. Kaplingi mpya kutoka kwenye boksi ina uso ulionyooka kulingana na tundu lake, si kulingana na shafti yako. Uso usiyumbe zaidi ya milimita 0.05. Kisha weka alama ya patasi kwenye shafti na flenji ili ukiitoa uirudishe palepale. Skrubu za kukaza zitobolewe vishimo vifupi vya kukalia kwenye shafti, na vichwa vyake vifungwe waya wa chuma cha pua. Skrubu isiyofungwa waya ndiyo inayofanya shafti ichomoke ukirudisha gia nyuma kwa nguvu.

Kukalisha propela kwenye mchongoko

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia shafti kukatika.

Safisha mchongoko na tundu la propela. Visha propela bila kii, isukume kwa mkono, na uchore mstari kwenye shafti kwa penseli mahali kitovu kinapoishia. Itoe. Sasa weka kii na uivishe tena. Lazima ifike kwenye mstari uleule. Ikiishia nyuma yake, kii iko juu mno na inaibeba propela upande mmoja. Ipunguze juu kwa tupa, si pembeni. Kii pembeni iwe na mkao wa kubana kidogo, juu ibaki na nafasi ndogo. Kona za mfuo wa kii zisiwe kali kama kona ya sanduku. Mpasuko unaokata shafti huanzia kwenye kona kali ya mbele ya mfuo, kwa hiyo mwambie mkerezaji amalize mfuo kwa mteremko wa duara, kama ncha ya kijiko.

Kujua kama propela inagusa mchongoko wote, paka rangi nyembamba ya bluu ya mafundi, au masizi yaliyochanganywa na tone la mafuta, kisha visha, zungusha kidogo na utoe. Rangi iguse si chini ya asilimia 70, na zaidi upande mnene. Ikigusa kidogo, paka unga wa kusugulia valvu na uizungushe propela kushoto na kulia kwa mkono bila kii, dakika chache kila mara. Baadaye osha unga wote kwa mafuta ya taa, halafu sabuni. Punje zilizobaki zitaendelea kusaga.

Ukifunga mwisho, tumia mafuta mepesi ya mashine badala ya grisi. Nati ziko mbili, nyembamba na nene. Nyembamba inatangulia kugusa propela, nene inafuata. Ukikaza ile nene, ndiyo inayobeba mzigo, kwa hiyo ndiyo inayohitaji nyuzi nyingi za skrubu. Watu wengi huziweka kinyume kwa sababu inaonekana sawa zaidi. Malizia na pini ya kupinda.

Mguu

Mguu una kitako kinachofungwa chini ya sakafu na bomba linalobeba bushi ya raba. Bushi hii ni ganda la shaba lenye raba ndani iliyochongwa mifereji. Maji ndiyo grisi yake. Urefu wake kwa kawaida ni mara nne ya kipenyo cha shafti, yaani milimita 127 kwa shafti yetu. Iwashwe injini nje ya maji ikiwa kwenye gia kwa nusu dakika tu, raba imeungua.

Pitisha uzi wa kuvulia, wa nailoni na uliovutwa mpaka ulie ukiupiga, kutoka mahali kaplingi ya giaboksi itakapokaa, kupitia bomba la shafti, mpaka kwenye nguzo imara nyuma ya boti. Kata visahani vya plaiwudi vinavyoingia kwa kubana kwenye ncha mbili za bomba la mguu, kila kimoja na tundu la milimita 1 katikati. Uzi ukipita kwenye matundu yote mawili bila kugusa ukingo, mguu uko kwenye mstari. Ukigusa, sogeza mguu. Usisogeze uzi; uzi ndio sheria.

Kitako mara chache hulala sawasawa chini ya sakafu. Usiukaze mguu kwa bolti ukitumaini utajipinda mpaka ukae. Utakaa, halafu utaitafuna bushi upande mmoja. Shikilia mguu kwenye mstari kwa kabari, uache pengo la milimita 5 hivi kati ya kitako na sakafu, paka nta kwenye kitako, kisha jaza pengo kwa epoksi nzito iliyochanganywa na unga wake. Iache saa 24. Ikikauka, kitako kina kalibu yake halisi. Ng'oa mguu, futa nta, rudisha ukiwa na silanti ya boti, ile gundi ya kuziba maji, chini ya kitako na kuzunguka kila bolti. Ndani ya sakafu weka ubao wa mninga uliokauka wa milimita 40, mpana kuliko kitako kwa sentimita 5 kila upande, ili bolti zisivute mbao za sakafu peke yake. Bolti nne hadi sita za shaba nyeusi au chuma cha pua, za milimita 10 au 12, na washa pana. Bolti za mabati zinazong'aa dukani hazifai kabisa chini ya maji.

Pima tena kwa uzi baada ya kukaza. Kukaza huvuta vitu.

Bushi iingizwe kwa kuvutwa, si kupigwa. Pitisha fimbo ndefu ya chuma yenye nyuzi za skrubu katikati, washa nene kila upande, uzungushe nati mpaka bushi iingie. Kama ni ngumu, iweke kwenye barafu usiku mzima, barafu ileile ya wauza samaki wa mwaloni, itapungua kidogo na kuingia kwa urahisi. Raba ipakwe maji ya sabuni tu; mafuta na grisi huvimbisha raba za aina fulani. Skrubu ya mguu inayozuia bushi isizunguke iguse kishimo kifupi kwenye ganda la shaba. Ukitoboa ganda mpaka raba au ukaikaza sana, umeibana bushi mahali pamoja na hapo ndipo itakapochemka.

Ingiza shafti. Lazima izunguke kwa vidole viwili. Pima pengo kati ya shafti na raba kwa fila geji kushoto na kulia, mbele na nyuma ya bushi. Yakiwa sawa kushoto na kulia, mguu umekaa. Chini shafti italalia raba kwa uzito wake, hiyo ni kawaida. Bushi ya zamani ikicheza zaidi ya milimita 1.5 ukiinua shafti kwa mkono, usipange laini, yaani mstari wa injini na shafti, juu yake, badilisha kwanza.

Kitovu cha propela kiwe karibu na mguu: nafasi kati yao isizidi kipenyo kimoja cha shafti, milimita 32. Nusu ya hapo inatosha kupitisha maji yanayotoka kwenye bushi. Kila sentimita unayoongeza ni mkono wa nyundo unaopiga bushi.

Boksi la pakingi

Boksi hili huzuia maji yasiingie pale shafti inapopenya sakafu, kwa pakingi, ile kamba inayobanwa kuizunguka shafti. Upana wa pakingi ni kipenyo cha ndani cha boksi, toa kipenyo cha shafti, gawa kwa mbili. Boksi la milimita 48 na shafti ya 32 linataka pakingi ya 8. Kata pete tatu kwa kuizungusha pakingi kwenye shafti yenyewe na kuikata kwa kisu kikali mshazari. Usiiingize kama chemchemi ndefu. Miungano ya pete ipishane, theluthi moja ya mzunguko kila moja. Kaza kwa mkono tu. Hozi inayoshika boksi iwe na klipu mbili za chuma cha pua kila upande, zote za chuma cha pua hadi skrubu yake. Kuna klipu ambazo mkanda haushiki kutu lakini skrubu inashika.

Boti ikiwa majini na injini inazunguka, boksi lidondoshe tone moja moja, matone machache kwa dakika. Boksi kavu linaunguza shafti. Likiguswa kwa mkono baada ya dakika kumi liwe vuguvugu. Likichoma, legeza.

Kupanga laini, boti ikielea

Mbao zilizokaa ufukweni miezi ya kiangazi zimejikunja. Zikinyonya maji zinafura, na boti nzima inabadili umbo. Laini uliyoipanga nchi kavu ni ya kukadiria tu. Shusha boti majini, iache siku mbili, jaza tangi nusu, weka betri na viti mahali pake, kisha ndipo uanze. Fanya alfajiri ziwa likiwa limetulia, na asiwepo mtu anayesimama ukingoni mwa boti akikuangalia.

Kwanza ondoa uzito. Sehemu ya shafti kati ya boksi na kaplingi inaning'inia na kushusha flenji. Shafti ya inchi 1¼ ina kilo 6.2 hivi kwa kila mita. Chukua nusu ya uzito wa sehemu inayoning'inia, jumlisha uzito wa kaplingi, kisha vuta kaplingi juu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia dagaa, mpaka isome jumla hiyo. Mita moja inayoning'inia na kaplingi ya kilo 4, mizani isome 7.1. Hapo shafti iko mahali ambapo ingekaa yenyewe. Chomeka kabari chini yake.

Sasa leta injini. Kwanza flenji mbili ziingiane katikati bila kulazimisha, ule mdomo wa moja ukiingia kwenye kikalio cha nyingine kwa mkono. Bolti zisitumike kuvuta. Kisha acha pengo dogo na upime kwa fila geji juu, kulia, chini na kushoto. Tofauti kati ya pengo kubwa na dogo isizidi milimita 0.1 kwa flenji ya milimita 100. Kwa mwendo kasi jitahidi ufike 0.08 au chini.

Kabla ya kugusa nati hata moja ya mauntini, zile raba zinazobeba injini, fanya jaribio hili. Zungusha flenji ya shafti nusu mzunguko, ya giaboksi ibaki ilivyo, upime tena. Pengo likibaki palepale, injini haijakaa sawa, endelea. Pengo likizunguka pamoja na flenji, shafti imepinda au uso wa kaplingi hauko sawa, na hakuna kuinua au kushusha injini kutakakolimaliza. Siku nzima zimepotea kwa kuliruka jaribio la dakika mbili.

Kujua mbele ya injini isogezwe wapi, kumbuka hivi: mbele huenda upande wenye pengo. Pengo juu, inua mbele. Pengo chini, shusha mbele. Pengo kulia, sukuma mbele kulia. Kiasi chake ni pengo, zidisha kwa umbali kati ya mauntini za mbele na za nyuma, gawa kwa kipenyo cha flenji. Mfano: pengo la 0.30 juu, mauntini ziko mbali milimita 700, flenji ni milimita 127. Jibu ni milimita 1.65. Nyuzi za mauntini ya M16 hupanda milimita 2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ni mzunguko usiofika mmoja. Kaza nati za juu, upime upya, maana kukaza kunabadili. Mara tatu au nne ni kawaida.

Kaplingi ya raba haiondoi haja ya kazi hii. Ni ya kupunguza mtikiso, si ya kuficha laini mbovu, na ukitaka kupima, itoe kwanza.

Propela na urefu wa Kigoma juu ya bahari

Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu asilimia 7 hadi 8 hapa. Boti iliyochaguliwa propela na kujaribiwa Dar es Salaam itakuja Kigoma ikiwa imebebeshwa mzigo mno: haifiki mizunguko yake, moshi mweusi, joto linapanda. Dizeli yenye tabo hupoteza kidogo sana, lakini isiyo nayo inahitaji kupunguziwa pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja.

Kipimo kiko kwenye kitabu cha injini: mafuta hadi mwisho, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, injini ifike kwenye mizunguko ya juu iliyoandikwa. Ikipungukiwa, punguza pichi inchi moja. Hiyo huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi. Ikizidi, ongeza. Usipime boti tupu, kwa sababu hautabeba upepo kwenda Mahale.

Kwa kuwa maji ya ziwa si ya chumvi, anodi ya zinki, kile kipande kinacholiwa badala ya shafti na propela, haifanyi kazi vizuri; hufunikwa na ngozi nyeupe na kulala. Weka ya aluminiamu au magnesiamu kwenye shafti, mbali na mdomo wa bushi ili isizuie maji, na isipakwe rangi.

Mtikiso unatoka wapi

Weka gia huru uipandishe injini mizunguko ileile iliyotikisa. Ikitikisika bado, ni injini au mauntini zake. Ikitulia, shida iko nyuma. Mtikiso mmoja kwa kila mzunguko wa shafti ni shafti iliyopinda au propela yenye panga lililogonga. Mvumo wa haraka, mara tatu kwa mzunguko kwa propela ya mapanga matatu, ni nafasi ndogo ya ncha, mlalo mkali au mguu mnene unaovuruga maji.

Bushi iliyolika mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili inasema mguu haufuati shafti. Iliyolika sawasawa lakini haraka ni mchanga. Boti zinazopandishwa ufukweni nyuma kwanza zinaujaza mchanga kwenye mifereji ya raba. Omo, yaani pua ya boti, ndiyo iguse nchi kavu. Shafti iliyokatika karibu na kaplingi inashitaki laini ya injini. Iliyokatika mbele ya propela inashitaki kii na mchongoko.

Nyavu ni jambo jingine. Usiku mitumbwi ya dagaa inatanda, na wavu ukizungukia propela hujisokota kati ya kitovu na mguu mpaka unayeyuka kuwa plastiki ngumu. Zima injini, usirudishe gia nyuma kuufungua, kwani unausukumia ndani ya bushi. Ukate kwa kisu cha meno. Kisha, hata kama boti inakwenda vizuri, fungua kaplingi ukifika na upime laini upya, na uangalie silanti ya kitako cha mguu kwa ndani kama kuna unyevu. Mguu uliovutwa hauvuji siku hiyohiyo.

Propela itolewe kwa puli, kile kifaa cha kuivuta itoke kwenye shafti. Nyundo kwenye kitovu huhamia kwenye giaboksi, na moto wa gesi huondoa ugumu wa shaba. Legeza nati bila kuitoa kabisa kabla ya kukaza puli, maana propela ikiachia mchongoko huruka, na kina cha Tanganyika si cha kupiga mbizi.